Kakao ya Kuchemsha: Kinywaji cha Jioni Kisichotupokonya Alfajiri



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii tumependa kuzungumza na ndugu zetu, hasa akina mama ambao ndio wasimamizi wa jiko na wa usingizi wa watoto, juu ya jambo linaloonekana dogo: kile tunachokinywa baina ya Magharibi na wakati wa kulala.

Sisi watu wa pwani ni watu wa kahawa. Kahawa chungu yenye tangawizi, inayomiminwa kutoka kwenye dele hadi kikombe kisicho na mkono, ndiyo inayokaa barazani, ndiyo inayopitishwa katika maulidi na matanga, na ndiyo inayosindikizwa na tende na halua katika furaha zetu. Asiyekunywa kahawa hunywa chai ya mkandaa, na asiyetaka mkandaa hunywa chai ya maziwa. Hatukuja kuzitia ila ada hizi, kwani zimetukutanisha kwa karne nyingi. Tumekuja kuuliza swali moja tu: je, kinywaji hiki tunachokinywa saa tatu ya usiku kinatuacha katika hali gani muadhini anapoita Alfajiri?

Kahawa na ibada ya usiku

Ni vyema tukumbuke kwamba kahawa iliingia katika mikono ya Waislamu kwa ajili ya ibada. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wapate nguvu ya kukesha katika dhikri. Kutoka Yemen ikaenea Makka na Misri, na bandari ya Mokha ikapata jina duniani kwa sababu yake. Palipoingia shaka kuwa huenda inalevya, wanavyuoni waliipeleleza. Mwaka 1511, sawa na mwaka 917 Hijria, Kha'ir Beg, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya soko na maadili mjini Makka kwa niaba ya Wamamluki, aliwakusanya wanavyuoni na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku mjini humo. Marufuku hayo hayakudumu. Baadaye katika karne hiyo mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima cha kutetea uhalali wake. Lililokuja kukubaliwa na walio wengi ni kwamba kahawa haiondoi akili, na kwa hiyo haina hukumu ya vileo.

Basi wazee wale waliinywa ili wasimame mbele ya Mola wao usiku. Wengi wetu leo tunainywa, kisha tunakesha mbele ya televisheni na simu, na ukifika wakati wa kusimama tumelala fofofo. Kafeini, kiini kinachochangamsha ndani ya kahawa na chai, haiondoki mwilini upesi. Kwa mtu mzima mwenye afya, baada ya takriban saa tano bado nusu yake imo mwilini. Maana yake ni kuwa aliyekunywa kikombe kizito saa tatu ya usiku, ifikapo saa nane nusu ya nguvu yake ingali inazunguka katika damu. Usingizi huwa mwepesi, au huja ukiwa umechelewa, na Alfajiri huwa ndiyo inayolipa deni.

Ama mama mjamzito, jambo lake ni zito zaidi. Mwili wake huiondoa kafeini polepole, na katika miezi ya mwisho inaweza kukaa mara mbili au tatu ya muda wa kawaida. Madaktari wa nchi nyingi humshauri asivuke miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja huweza kufikia miligramu 100 hadi 140, na kikombe kikubwa cha chai miligramu 50 hadi 75. Kwa hesabu hiyo, mama aliyekunywa chai asubuhi, saa nne, alasiri na usiku huenda ameshauvuka mpaka huo bila ya kugusa kahawa hata tone.

Kwa sababu hizi, akina mama wengi wamekuwa wakitafuta kinywaji cha moto, chenye ladha ya uchungu mzuri, kinachofaa kuandaliwa wageni, wala kisichokuwa na makali ya kahawa. Kimoja kinachostahiki kuangaliwa ni kakao ya kuchemsha.

Kakao tunayoizungumzia

Wengi wakisikia kakao, au kokoa kama wengine wanavyoiita, hukumbuka unga wa mkebeni unaochanganywa na maziwa na sukari. Huo si huu. Mbegu ya kakao, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Amsterdam, Uholanzi, ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta hayo, na mashudu yaliyobaki yakasagwa yakawa unga. Unga huo ndio uliozaa mikebe ya madukani, na katika mikebe mingi ya kinywaji cha chokoleti sukari ndiyo iliyo nyingi kuliko kakao yenyewe.

Kakao ya kuchemsha ni mbegu nzima iliyokaangwa, ikapondwa, ikatiwa katika maji ya moto na kuchujwa, kama tufanyavyo buni. Haina sukari ila uliyoitia kwa mkono wako. Rangi yake ni ya hudhurungi, harufu yake ni ya chokoleti, na ladha yake ni chungu bila ya kuwa kali.

Wala si jambo la jana. Mti wa kakao asili yake ni misitu ya Amazoni ya juu. Mabaki yaliyopatikana kusini-mashariki mwa Ecuador, na kutangazwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa watu wa huko walikuwa wakiitumia zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wamaya na Waazteki waliinywa, na mbegu zake zikawa sarafu za sokoni. Hadi leo katika visiwa vya Grenada na Saint Lucia watu huamka kwa chai ya kakao: mbegu zilizokaangwa na kusagwa hufinyangwa madonge, kisha donge huparuzwa na kuchemshwa pamoja na mdalasini na kungumanga. Viungo hivyo vyote jikoni mwetu vimo.

Nasi hatuko mbali nayo. Anayezuru mashamba ya viungo Unguja huonyeshwa mkakao ukiwa umebeba matunda juu ya shina lake. Nchini Tanzania mbegu nyingi hutoka Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na nyingine bonde la Kilombero. Uganda inajulikana kwa kakao ya Bundibugyo, chini ya milima ya Ruwenzori, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni nchini Kongo, wakulima wengi huishi kwa zao hilo. Kwetu Kenya kilimo chake bado ni kidogo.

Je, si imechachuka?

Hili ni swali la haki, na tumelisikia kwa akina mama wanaochunga halali katika nyumba zao. Tunda la mkakao likipasuliwa hukutwa mbegu 30 hadi 50 hivi zilizozungukwa na nyama nyeupe tamu, mfano wa stafeli. Mkulima huzirundika mbegu pamoja na nyama hiyo, akazifunika kwa majani ya mgomba kwa muda wa siku tano hadi saba. Katika siku hizo hamira ya asili huigeuza sukari ya nyama ile kuwa alkoholi, kisha vijidudu vingine huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Rundo hupata joto la karibu nyuzi 50, maji yake hutiririka yakaenda zake, na mbegu hufa zisiweze kuota tena. Bila ya hatua hii mbegu haiwezi kutoa harufu ya chokoleti. Baada ya hapo huanikwa juani mpaka zikauke, na zinapokaangwa mvuke huondoa sehemu kubwa ya siki iliyosalia.

Hukumu ya jambo hili, kwa tunavyoliona sisi, ni nyepesi. Mkulima hakukusudia kutengeneza kileo, wala hakuna anywaye maji yale. Kilichogeuka kuwa siki chenyewe kimetoka katika hukumu ya ulevi, na hilo ni jambo linalojulikana katika madhehebu yetu ya Imam Shafii. Siki yenyewe Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Na mbegu iliyotufikia jikoni, ukinywa maji yake kidogo au mengi, hayakuleweshi. Kwa hiyo hatuoni pingamizi, wallahu a'lam. Mwenye kubakiwa na dukuduku na amuulize mwanachuoni wa msikiti wake, kwani kuuliza ni katika dini.

Namna ya kuitayarisha

Chukua mbegu kavu ulizonunua, uzichague kama uchaguavyo mchele, utupe zilizoota ukungu. Zitie katika kaango zito juu ya moto mdogo, ukizikoroga daima kwa mwiko, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Zitaanza kualika na harufu yake itajaa nyumba. Usizingoje ziwe nyeusi, kwani kakao iliyoungua huwa na uchungu usiopendeza. Ziache zipoe, zifikiche kwa viganja maganda yatoke, kisha zipete kwa ungo.

Zitwange katika kinu mpaka ziwe kama chenga za mchele, kisha uache. Ukiendelea kutwanga, yale mafuta yatayeyuka na utapata uji mzito usiochujika.

Kwa kila kikombe cha maji pima vijiko viwili vya mezani. Tia maji yanayochemka, funika kwa dakika kumi, au acha yatokote kwa moto wa chini kwa muda kama huo, kisha chuja kwa kitambaa safi. Kipande cha tangawizi, iliki mbili zilizopondwa na kijiti cha mdalasini huikamilisha. Mafuta kidogo yatakayoelea juu ni yake mwenyewe, wala si uchafu. Unga uliobaki uweke katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, kwani unyevu wa pwani huleta ukungu upesi. Twanga cha kutosha wiki moja, usitwange cha mwezi.

Maganda nayo msiyadharau. Ndugu zetu wa Yemen wana kinywaji kiitwacho qishri, kinachochemshwa kwa maganda ya buni na tangawizi, na baadhi ya koo zetu za Kihadhrami bado zinakijua. Maganda safi ya kakao nayo huchemshwa vivyo hivyo, yakatoa kinywaji chepesi zaidi.

Faida yake na mipaka yake

Tusiipambe kakao kwa sifa isizokuwa nazo. Ndani yake imo kafeini, ila kwa kawaida ni kidogo sana kuliko ya kahawa. Kilicho kingi ndani yake ni theobromini, ambayo ni karibu asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa mbegu. Theobromini ni ndugu wa kafeini aliye mpole: huchangamsha bila ya kuushtua ubongo kwa nguvu ile ile, ingawa hukaa mwilini muda mrefu. Basi inywewe baada ya Magharibi au mara baada ya Isha, isingojwe mpaka mto wa kulalia. Na mtu ambaye hata chokoleti humnyima usingizi, hii nayo si yake.

Mama mjamzito anaweza kukipata kikombe kimoja akiwa na utulivu zaidi kuliko kikombe cha kahawa, lakini akihesabu pamoja na chai alizokunywa mchana. Jambo la pili, na hili wengi hawaambiwi: chai, kahawa na kakao zote huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka, na hata katika vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Anayemeza vidonge hivyo avimeze kwa maji au kwa maji ya machungwa, na kinywaji cha moto kikae mbali navyo kwa saa moja au zaidi. Damu ya mama ni amana ya watu wawili.

Mwenye vijiwe vya figo aulize daktari wake kwanza, kwani kakao ina oksaleti nyingi. Mwenye kiungulia ajipime kwa kikombe kidogo. Wako wanaosema kakao ni dawa ya presha. Viini vinavyotajwa kwa sifa hiyo hupungua sana katika kuchachuka na kukaangwa, kwa hiyo asiache mtu vidonge vyake kwa ajili ya kikombe. Na machicha yake msiyamwage pale paka na kuku wanapokula, kwani theobromini ni sumu kwao.

Ama sukari, hiyo ndiyo itakayoharibu kheri yote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Nyumba inayotia vijiko vitatu katika kila kikombe, mara nne kwa siku, imefika vijiko kumi na viwili kabla ya kuhesabu kaimati na soda. Kahawa chungu wazee wetu waliinywa bila sukari, wakauma tende moja kando. Kakao nayo ifuate adabu hiyo.

Halali iwe na uzuri wake

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho kizuri, na uzuri hauishii katika ladha. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Uchunguzi wa taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kuwa watoto milioni 1.56 walikuwa katika ajira ya watoto kwenye kilimo cha kakao katika nchi hizo mbili. Wengine hushika mapanga na kubeba mizigo iliyozidi umri wao. Mama anayemfunika mwanawe usingizini hana haja ya kuelezwa uzito wa habari hii.

Hatusemi kuwa kila mbegu ya huko ina dhulma, wala kuwa kila mbegu ya jirani ni safi. Tunasema muulize muuzaji: imetoka wapi, na ni nani aliyeivuna? Mbegu ya Kyela au Bundibugyo haiko mbali nasi, na jibu lake ni jepesi kulipata kuliko la unga uliopita bandari tatu. Tena wenye mkono mwepesi wajue kuwa si kitu rahisi: mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Kwa hiyo familia tatu au nne zinunue kwa pamoja na kugawana, na kikombe kiwe cha jioni, si cha kutwa.

Tuanzie wapi?

Hatumwambii mtu avunje dele lake. Kahawa ya matanga na ya harusi na ibaki mahali pake, na mavyaa aliyezoea mkandaa wake wa alasiri asinyang'anywe. Tunachoomba ni saa ile moja ya usiku. Kwa siku saba, baada ya Isha, nyumba iweke kando kahawa na chai, watu wazima wanywe kakao isiyo na sukari au yenye kidogo, na watoto wapewe maziwa au maji ya tangawizi. Na mwezi wa Ramadhani ukitufikia, inshaallah, fanyeni vivyo hivyo baada ya tarawehe, muone daku mtaiamkia vipi.

Kisha hesabuni, msihesabu vikombe, hesabuni Alfajiri: ni ngapi mlizoziswali kwa wakati wake, na ni nani aliyeamka bila ya kuvutwa shuka. Kama kakao imewasaidia, endeleeni nayo. Kama haikuwasaidia, basi huenda mwizi wa usingizi si kikombe bali ni simu iliyo chini ya mto, na hapo pana mazungumzo mengine ya mume, mke na watoto wao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, awape akina mama wajawazito salama na afya, na atujaalie sote kuwa katika wale wanaoitwa wakaitika.

Wabillahi tawfiq.